Aliyemtafunia

Chepkorir alianza na kibuyu kikubwa. Alikiinua kwa mikono miwili juu ya kitambaa chake cha kichwa, akakipigiza kwenye jiwe la kufulia, na mursik, maziwa ya kugandisha, ya wiki nzima ikatapakaa uani, nzito, yenye madoa ya kijivu ya mkaa. Wanawake wa kanisa waliokuwa wamekuja kumwombea Kipketer walikusanya sketi zao wakarudi nyuma.

"Hii ndiyo imekula ndugu yangu!" Chepkorir alisema akihema. "Redio imesema. Daktari mzima amesema kwa redio, mursik inaleta kansa. Na huyu mwanamke amemnywesha miaka yote hiyo kama ndama."

Cheptanui alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe. Mumewe, Kipketer, dereva wa kombaini aliyejulikana katika mashamba yote ya ngano kuanzia Njoro hadi Mau Narok, alikuwa amelazwa Nakuru tangu alipotapika damu juu ya usukani. Neno kansa lilikuwa limefika nyumbani asubuhi hiyo. Kufikia mchana, lilikuwa limeshatafutiwa mwenyewe.

"Mama Kibii," alisema Cheptanui, akimwita wifi yake kwa jina la mwanawe kama ilivyo heshima, "weka hicho kingine chini. Tuongee."

"Tuongee nini? Wewe uliongea na nani ukimwekea sumu kwa kikombe?"

Kibuyu cha pili kilikuwa na shanga shingoni. Mama yake Cheptanui ndiye aliyezishona, wiki chache kabla ya harusi. Kilipasuka kwa sauti ndogo tu. Vilivyobaki Chepkorir hakujisumbua kuviinua, alivikanyaga.

Cheptanui hakulia. Alifanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko vibuyu: alipitisha chai, kwa sababu wageni walikuwa wageni. Mwenyekiti wa akina mama, ambaye kila Krismasi alikuja mwenyewe kuomba chupa ya mursik ya kuwapelekea wakwe zake, alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Mimi unipe tu strungi, mama. Maziwa siku hizi hainikubali."

"Hata mimi," alisema aliyekaa karibu naye.

"Na mimi. Kama haitakuwa kazi mingi."

Alirudi jikoni akachemsha maji matupu na majani, akawapelekea wote chai nyeusi kama walivyotaka. Alipokuwa akimimina, alimtazama Chepkorir akifuta viatu vyake kwa nyasi, na hapo akaapa. Hakuapa kwa sauti. Na wewe utakunywa yako, alisema moyoni. Sijui lini, lakini utakunywa, na watu wakitazama.

*

Jumamosi alikopa kibuyu kwa jirani, akagandisha maziwa, akaenda kukaa mahali pake pa kuuzia, karibu na lango la chuo. Hapo ndipo alipowalea wateja wake kwa miaka: walimu wa chuo waliomletea chupa zao wenyewe, na wanafunzi waliokunywa wamesimama kisha wakajipangusa midomo kwa mikono.

Mwanafunzi mmoja alisimama, akatazama kibuyu, akakuna shingo.

"Mathe, niaje. Tunaskia hii kitu inaua."

"Nani amekuambia?"

"Watu tu. Si mbaya, mathe, lakini si unajua tuko na mtihani. Wacha tufe baada ya mtihani."

Wenzake walicheka, wakaenda kununua soda. Jioni Cheptanui alibeba kibuyu kikiwa kizito kama alivyokileta. Njiani alisalimiwa na watu wawili, na wote wawili walitazama kibuyu kwanza, kisha uso wake.

*

Wodini, Chepkorir alikuwa ametangulia, kama kawaida. Alikuwa amekaa ubavuni mwa kitanda, akimfuta ndugu yake midomo kwa pembe ya leso, na kwa wakati huohuo akimpa amri muuguzi, msichana mpole aliyeitwa Joan.

"Sista, huyu asimletee chakula. Chakula ya ndugu yangu itatoka kwa hoteli yangu."

Joan aliitazama chupa ya uji mkononi mwa Cheptanui, akamtazama Chepkorir, akachagua njia fupi. "Mama, kwa sasa weka tu hapo chini. Mpaka mpatane."

Cheptanui akaiweka sakafuni, chini ya kitanda cha mume wake mwenyewe, karibu na beseni la kutapikia.

"Usidhani mimi ni dada, sista," Chepkorir aliendelea. "Mimi ni mama. Mama yetu alikufa na tumbo huyu akiwa na meno mbili tu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Nilimtafunia nyama kwa hii mdomo. Nikamtafunia mahindi. Nikamwekea kwa ulimi kama ndege. Hakuna mtu ataniambia kitu juu ya Kipketer."

Kipketer alitabasamu bila kufungua macho. Alikuwa amekonda hadi pua yake ilionekana kama ya mtu mwingine. "Nusu ulikuwa unameza wewe," alisema.

"Nyamaza! Hungekuwa na hayo mabega."

"Mabega gani tena, Chepkorir?"

Dada yake aligeuka upesi, akachomoa kwenye mkoba chupa ya dawa nyeupe ya tumbo, akanywa funda mbili bila kijiko, akajigonga kifuani. "Hii mambo yenu inanichoma hapa," alisema. "Kila siku inanichoma."

Muda mfupi baadaye, Joan alirudi kumwita mke wa mgonjwa. Daktari alitaka kumwona mke.

Daktari huyo, aliyeitwa Wangu, alikuwa kijana, na viatu vyake vilikuwa vimechakaa kisigino upande mmoja. Cheptanui hakungoja aambiwe akae.

"Daktari, niambie ukweli. Ni maziwa yangu?"

"Maziwa gani, mama?"

Akamweleza. Alieleza vibuyu, redio, strungi, chupa ya uji iliyokuwa sakafuni wakati huo. Daktari aliacha kuandika.

"Sikiliza. Siwezi kukuambia mursik haina neno kabisa. Kuna watu wanaichunguza, hasa kwa kansa ya koo, na bado wanabishana. Kwa hivyo usiende kusema Daktari Wangu ameisafisha. Lakini ile nyama tuliyotoa kwa tumbo la mzee tukaipima, tulipata kitu kingine. Kuna bakteria inaitwa H. pylori."

"Hiyo nimesikia. Si ni ya alsa, vidonda vya tumbo?"

"Hiyohiyo. Inaishi kwa asidi ya tumbo, mahali vingine vinakufa. Karibu nusu ya watu wanatembea nayo, na wengi wao watazeeka bila kujua. Lakini kwa wengine inachokoza ukuta wa tumbo miaka na miaka, polepole, mpaka nyama ya pale inaanza kubadilika. Ikibadilika sana, kansa inapata mlango. Si hiyo peke yake. Chumvi nyingi, sigara, damu ya familia, hizo pia zinasukuma. Lakini hiyo ndiyo inaanza kazi."

"Basi ni wadudu."

"Wadudu, ndiyo, lakini usiwachukie wote. Hata hiyo mursik yako inagandishwa na bakteria. Tumbo lako sasa hivi limejaa bakteria wanaokulinda. Ni mmoja mmoja tu anayeharibu."

"Huyu anayeharibu anaingilia wapi?"

"Mara nyingi mtu anampata akiwa mtoto, ndani ya nyumba. Maji. Mikono. Mdomo kwa mdomo, kama mtu anapomtafunia mtoto chakula."

Cheptanui alikaa sasa. Alishika ukingo wa meza.

"Na huyo aliyekuwa anatafuna. Anaweza kuwa nayo mpaka leo?"

"Kama hakutibiwa, inaweza kuwa iko. Lakini huwezi kujua nani alimpa nani, mama. Hakuna kipimo cha hiyo. Pengine ni mama yao, pengine ni maji ya mto. Tusitafute wa kulaumu." Daktari aliinua macho. "Mzee ana ndugu wangapi?"

"Dada mmoja. Huyo uliyemsikia akipiga kelele. Mama yao alikufa na tumbo."

"Mama yao, na sasa mtoto wa kiume." Daktari alivuta karatasi, kisha akaiacha. "Huyo dada apimwe haraka. Hatari yake iko juu kuliko ya mtu wa kawaida. Akipatikana nayo, ni vidonge vya wiki mbili, na tumbo limulikwe kwa kamera. Watoto wako pia wapimwe, na wewe. Utamwambia?"

"Nitamwambia," alisema Cheptanui.

Chepkorir alikuwa akimngoja kwenye korido, mkoba kifuani.

"Daktari amesema nini?"

"Amesema opareshini. Watatoa sehemu ya tumbo. Wakiwahi, kuna matumaini."

"Na nini ingine?"

Cheptanui alimtazama machoni. Aliona mstari mweupe wa dawa uliokauka kwenye kona ya mdomo wa wifi yake.

"Hiyo tu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Mama Kibii."

Alitoka nje kwenye jua la Nakuru akihisi kitu kitamu kikimteremka kooni. Hakuwa amefanya lolote. Hakuwa amevunja chombo cha mtu wala kuinua sauti. Alikuwa amenyamaza tu, na kule kunyamaza kulikuwa na meno.

*

Alipimwa yeye, akampeleka binti yake Cheruto apimwe. Yeye hakuwa nayo. Cheruto alikuwa nayo, akaandikiwa vidonge. Cheruto alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea, mtu wa maswali.

"Mama, kama ni mambo ya familia, Senge amepimwa?" aliuliza. Senge ndivyo alivyomwita shangazi yake.

"Senge ana redio."

"Mama."

"Redio itamwambia."

Cheruto alimeza kidonge chake. Tangu siku hiyo, alipokuwa akimeza vidonge alimpa mama yake mgongo, na Cheptanui aliliona hilo.

Kunyamaza kulikuwa kutamu kwa siku chache, kisha kukakosa chumvi. Chepkorir alikuwa akila, akicheka, akihesabiwa haki kijijini. Angekufa siku moja, pengine, bila kujua kwa nini, na watu wangeimba kaburini kwamba alikuwa mama wa wengi. Hicho kilikuwa kisasi gani? Cheptanui alitaka ajue. Alitaka kile kinywa kilichomtangaza kuwa mchawi wa maziwa kisikie habari zake chenyewe, mchana, watu wakiwa wengi.

Akaenda siku ya soko, wakati wa chakula cha mchana. Hoteli ya Mama Kibii ilikuwa imejaa: madereva wa malori, wauza viazi, na kwenye meza ya pembeni mwenyekiti wa akina mama akila nyama ya kuchemsha na ugali. Chepkorir alikuwa nyuma ya sufuria akipakua.

"Mama Cheruto!" aliita. "Leo umekuja kula ama kuuza? Kama ni kuuza, hapa hatununui. Lakini strungi iko."

Watu walicheka. Mwenyekiti aliangalia ugali wake.

"Sijakuja kuuza," alisema Cheptanui. Alikuwa amejizoeza njia nzima, na sauti yake ilitoka ikiwa tulivu. "Nimekuja na habari ya daktari. Si wa redio. Huyo anayemtibu Kipketer. Ameniambia ni bakteria ilianza hii kansa. Iliingia tumbo lake akiwa mtoto mdogo. Na unajua inaingia aje? Mdomo kwa mdomo. Mtu akimtafunia mtoto chakula."

Kijiko kikubwa kilisimama juu ya sufuria.

"Nani alimtafunia Kipketer nyama, Mama Kibii? Ambia hawa watu. Si unapendanga kusema? Ambia wao, kwa hiyo mdomo yako."

Daktari alikuwa amesema, huwezi kujua nani alimpa nani. Maneno hayo Cheptanui aliyaacha njiani makusudi.

Dereva mmoja aliacha kutafuna. Aliutazama mchuzi, akautazama mdomo wa aliyempakulia, akasukuma sahani katikati ya meza. "Boss, wacha nikimbie, gari iko kwa barabara," alimwambia mwenzake, ingawa mwenzake ndiye aliyekuwa na gari. Mwenyekiti wa akina mama alinawa mikono kabla ya kumaliza. Watu wa benchi moja walitoka, kisha wa la pili. Hakuna aliyekuwa na adabu ya kungoja hata chai.

Cheptanui alikuwa amejitayarishia kelele. Alikuwa na jibu la kila tusi. Lakini Chepkorir alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kifuniko cha sufuria, akaja kukaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Kwa hivyo ni mimi?" aliuliza.

Aliuliza taratibu, bila ubishi, kama anayeuliza njia.

"Na wewe pia upimwe," Cheptanui alisema, na maneno yale yalimtoka yakiwa mabovu. "Daktari amesema. Ni vidonge tu."

"Nipimwe ya nini?"

"Usife."

"Kama ni mimi nilimpa," alisema Chepkorir, "wacha inimalize na mimi. Tuende naye."

*

Habari zilimfika Kipketer kabla ya Cheptanui. Alimkuta amekaa, mito miwili mgongoni, uso umegeukia dirisha.

"Ulisema mbele ya watu?"

"Hata yeye alisema mbele ya watu. Mbele ya kanisa lote. Wewe hukuwepo uone vile waliniangalia."

"Niliambiwa. Nilipanga nikitoka hapa nimlete nyumbani aombe msamaha kwa magoti. Ningemleta, Cheptanui. Unajua ningemleta." Alipumzika kidogo; sentensi ndefu zilimchosha. "Sasa nitamleta aje? Wewe umempiga, na fimbo uliyompigia ni mimi."

"Nilisema ukweli."

"Wote?"

Cheptanui alinyoosha shuka miguuni pake.

"Nyama ilikuwa ngumu," alisema Kipketer. "Sikuwa na meno, na mama hakuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto. Ungetaka afanye nini? Aniangalie nikilia njaa ndiyo niwe msafi?"

Cheptanui aliinama akaokota chupa ya uji sakafuni. Joan alikuwa akimnywesha mgonjwa kutoka kwenye chupa hiyo kisirisiri kwa siku kadhaa sasa, na hilo Cheptanui alilijua kwa sababu ilirudi tupu.

"Sipasuliwi," alisema Kipketer.

"Umesemaje?"

"Wakija na ile karatasi ya kuweka sahihi, siweki. Mpaka Chepkorir apimwe."

"Kipketer, hii kansa haingoji mtu!"

"Basi kimbia."

*

Hoteli ilikuwa imefungwa. Nyumbani kwake, nyuma ya hoteli, Chepkorir alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini kando ya jiko lisilo na moto. Chupa nyeupe ilikuwa mkononi. Hakumkaribisha mgeni wala hakumfukuza. Cheptanui alivuta kigoda.

"Kuna maneno ya daktari sikukuambia," alisema. "Alisema hakuna mtu anaweza kujua nani alimpa nani. Inaweza kuwa mama yenu. Inaweza kuwa maji. Alisema tusitafute wa kulaumu."

"Mbona hukusema hivyo?"

"Nilitaka uumie."

"Niliumia."

"Nimeona."

Nje, lori lilipita na mahindi, na vikombe rafuni vikalia.

"Na hiyo ya kupimwa," alisema Chepkorir polepole, "ulijua lini?"

Hapo Cheptanui angeweza kudanganya. "Siku ile kwa korido. Uliniuliza, hiyo tu?"

Chepkorir alimgeukia. Taratibu akaelewa kitu kizima: kwamba huyu mwanamke mpole wa chai alikuwa ameingia nyumbani kwake, akaona kifo kimekaa pale, akatoka akafunga mlango taratibu. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kumbe wewe ni mkali hivyo."

"Si niliolewa kwenu?"

"Ungeniacha nife."

"Ningekuacha. Sasa siwezi, kwa sababu ndugu yako ni mjinga. Amekataa opareshini mpaka upimwe. Ukikaa hapa na hiyo chupa, unaua watu wawili." Cheptanui alifungua mkoba wake wa kanisani, akatoa kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha rangi ya samawati. "Shika."

"Ni ya nini hii?"

"Ya choo."

"Choo ya nani?"

"Yako, Mama Kibii."

"Mungu wangu!" Chepkorir alisimama. "Mimi? Nibebe choo kwa kikopo nipeleke kwa nani?"

"Maabara ya pale juu. Kwa Shiru."

"Shiru anakula chapati kwangu kila asubuhi!"

"Basi mnajuana."

Asubuhi iliyofuata, kikopo kilienda maabara ndani ya mkoba wa Cheptanui, kimefungwa kwa gazeti na mfuko wa nailoni na leso. Chepkorir alimfuata nyuma kwa mbali, akijifanya anaenda kununua sukari. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi ndani yake walikuwa wamesikia habari za hoteli. Shiru alikipokea kikopo, akakigeuza, akakunja uso kwa kukosa jina, akaita kwa sauti ya kazi:

"Hii choo ni ya nani?"

Vichwa viligeuka. Chepkorir alikuwa ameganda mlangoni, akitazama kalenda ya mwaka uliopita ukutani kana kwamba ameandikwa humo. Shingo yake ilikuwa imekaza. Ilikuwa nafasi ambayo Cheptanui asingeweza kuinunua popote. Ilitosha kunyoosha kidole.

"Ni ya kwetu," alisema. Akainama juu ya kaunta, akanong'ona jina, akangoja hadi Shiru alipoliandika.

Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Njia nzima ya kurudi alijikasirikia.

Bakteria ilikuwepo. Nakuru walimmulika Chepkorir tumbo, wakakuta kidonda na ukuta uliochubuka, wakakata vipande vidogo wakavipima, kansa haikuwepo. "Mmekuja mapema," alisema Daktari Wangu, na Cheptanui alijua ilivyokaribia kutokuwa mapema, akatazama sakafu. Jioni hiyohiyo Kipketer aliweka sahihi. Walimpasua wakatoa zaidi ya nusu ya tumbo lake, na alipozinduka aliomba uji, akapewa maji. Daktari hakuahidi kitu. Alisema watatibu, watapima tena, wataona.

Vidonge vya Chepkorir vilikuwa vingi na vichungu, vikimwachia ladha ya chuma mdomoni, na baada ya siku chache alisema amepona, kifua hakichomi tena, haoni haja. Cheruto ndiye aliyeleta habari hizo nyumbani. Cheptanui alifunga kitambaa, akatoka bila kuaga.

Hoteli ilikuwa imeanza kupata watu tena, hasa madereva, kwa sababu dereva mwenye njaa hakumbuki mambo kwa muda mrefu. Cheptanui alipita katikati ya meza hadi nyuma ya sufuria, akanyoosha mkono.

"Vidonge viko wapi?"

"Mama Cheruto, niko na wateja."

"Viko wapi?"

Chepkorir alivitoa mfukoni mwa aproni. Cheptanui alivihesabu, akaona vilivyorukwa, akavuta pumzi kwa pua. Akajaza kikombe maji.

"Utakuwa unakuja hivi kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Mpaka viishe."

"Sasa umenisamehe?" Chepkorir aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa na vidonge kiganjani.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sijakusamehe, Mama Kibii. Meza."

Chepkorir alimeza, kimoja kimoja, akikunja uso, machozi yakimlengalenga kwa uchungu wa dawa au wa jambo jingine. Wateja wa meza ya karibu waligeuka kutazama. Alirudisha kikombe, akashika kijiko cha kupakulia.

"Bado," alisema Cheptanui. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, si kwa upole, akamgeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. "Fungua mdomo."

"Na watu wote hawa?"

"Fungua nione."

Chepkorir alifungua. Cheptanui aliangalia shavu la kushoto, akaangalia la kulia, bila haraka, wateja wakingoja chakula chao.

"Inua ulimi," alisema.